Kufuli Lililomkataa Damari

Siku ya kwanza Damari alidhani ni vidole vyake tu.

Vilikuwa vidole vya kushika jembe, vinene kwenye ncha, na laptopu yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwanawe Gerald aliitumia miaka yote ya ualimu wake Manyoni kabla ya kumletea mama yake, na vitufe vya herufi A na S vilikuwa vimefutika kabisa. Damari alivibandikia plasta ya kidonda, akaandika herufi juu yake kwa kalamu ya wino. Kwa hiyo laptopu ilipomwandikia kwa Kiingereza yale maneno mafupi ambayo aliyajua kwa umbo lake, kwamba haiwezi kuunganika na mtandao, hakushtuka. Alipangusa miwani kwa ncha ya kitenge, akaandika paswedi upya, herufi moja moja, akiitamka kila moja kwa midomo bila sauti.

Laptopu ikafikiri. Kaduara kakazunguka, kakazunguka, kakasimama. Haiwezi.

Alikuwa amekaa katika ofisi ya kikundi cha asali cha wanawake wa Mitundu, chumba kimoja chenye dirisha la mbao, na nyuma yake ghala la mapipa. Walikuwa wanachama kumi na mmoja. Damari alimaliza darasa la saba, na mwandiko wake ulisifiwa hata na mwalimu mkuu, basi kazi yake kikundini ilikuwa kupima na kuandika. Kila ndoo iliyoletwa, yeye ndiye aliyechukua tone kwa kijiti, akaliweka kwenye kile kidude cha kioo wanachokiita kipima maji, akachungulia kwa jicho moja kuelekea kwenye mwanga na kusoma namba. Ikizidi ishirini, asali ina maji mengi, mwenye ndoo anarudi nayo nyumbani. Isipozidi inamiminwa kwenye pipa, na Damari anaandika daftarini ndoo ya ngapi, ya nani, kipimo kipi. Jumamosi anavihamishia vipimo kwenye laptopu, na mtandao wa ofisi unavipeleka kwa mnunuzi Singida mjini.

Jumamosi iliyopita havikwenda, kwa sababu Damari alikuwa Issuna siku tatu akimuuguza dada yake Eliza. Leo ilikuwa Jumatatu, na alitaka vitoke kabla ya chakula cha mchana.

Gerald alimwandikia hatua kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, naye alizifuata kama mtu anayefuata maelekezo ya dawa. Angalia tarehe kwanza, maana betri ya ndani ilishakufa, na kila ilipozimika laptopu ilirudi nyuma hadi mwaka ambao mjukuu wake Derick alikuwa hajazaliwa. Akarekebisha tarehe. Angalia swichi ndogo ya ubavuni, ile inayoteleza bila mtu kujua. Ilikuwa mahali pake. Iambie laptopu iusahau mtandao, kisha uutafute upya. Akaiambia. Jina la kikundi likatokea tena kwenye orodha, alama ya kufuli pembeni yake, vistari vyote vya nguvu vimejaa. Akaandika paswedi. Haiwezi. Akaisogeza meza hadi chini ya ruta iliyopigiliwa ukutani, na hapo ndipo alipoona kwamba ruta yenyewe ni mpya, nyeupe, siyo ile nyeusi aliyoizoea.

Martha akaingia kuchukua ungo aliousahau. Simu iliyokuwa mfukoni mwake ikalia mara nne mfululizo, meseji zinaingia. Akaitoa, akacheka na kitu alichotumiwa, akamwamkia Damari, akauliza hali ya mgonjwa wa Issuna, akatoka. Simu yake iliingia mtandaoni bila hata kubisha hodi.

Damari akaitazama ruta ile nyeupe. Siku tatu hakuwepo, na ndani ya siku hizo tatu wamebadilisha. Akaifunga laptopu polepole, kama anayefunika uso wa mtu.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mwanamke wa miaka sitini na nane aliona aibu mbele ya kidude kilichopigiliwa ukutani, lazima ajue desturi ya ghala lile. Lilikuwa na kufuli moja, na kila mwanachama alikuwa na ufunguo wake uliochongwa Itigi, ameuvaa shingoni kwa kamba. Wanawake wenyewe walikuwa wameingiliana kwa ndoa: huyu wifi ya yule, yule mkwe wa huyu. Kumwambia mtu wa namna hiyo usoni kwamba ametuharibia lilikuwa jambo lisilowezekana, maana kesho mtakutana msibani mnakoroga sufuria moja. Kwa hiyo hawakusema. Walibadilisha kufuli. Mwenye kosa anakuja siku ya kupima, anaingiza ufunguo, unagoma, anaelewa. Anabeba ndoo yake na kurudi alikotoka. Hakuna anayemuuliza kitu, na yeye haulizi, maana kuuliza ni kuwalazimisha watu waseme.

Tangu kikundi kianze, ilikuwa imetokea mara mbili tu. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, na aliyefungiwa ni Scholastika.

Pipa la tatu la msimu ule lilichachuka. Mnunuzi alilirudisha limevimba, na kifuniko kilipofunguliwa likatoka povu na harufu kama ya pombe. Watu wakakumbuka kwamba Scholastika alirina asali yake siku ya mawingu, kwamba ndoo yake ilimiminwa ya mwisho, kwamba kipimo chake kilikuwa ishirini kamili. Wakanong'ona kuwa labda Mama Gerald alimhurumia, mwenzetu ana watoto wadogo. Mama Gerald, yaani Damari, alisikia minong'ono ile na hakufungua mdomo.

Asali yenye maji ilikuwa yake mwenyewe. Nyegere walimvunjia mizinga miwili katika wiki moja, akaogopa kwamba watamaliza yote, akairina mitatu iliyobaki kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta. Yeye, ambaye kila msimu aliwasimamia wenzake akiwaambia subirini, subirini, bado. Alipochungulia tone lake alisoma ishirini na nne. Angeweza kuirudisha ndoo nyumbani. Lakini wanawake kumi na mmoja walikuwa wamejipanga nje, na yeye, mpimaji, angepita mbele yao na ndoo iliyojaa. Ile njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani aliiona ndefu kupita nguvu zake. Akaandika kumi na tisa.

Na kufuli lilipobadilishwa, yeye ndiye aliyekabidhiwa kifurushi cha funguo mpya azigawe, kwa kuwa anaaminika. Alizunguka nyumba kwa nyumba jua la saa kumi. Kwa Scholastika hakupita.

Kilichomtesa zaidi baada ya hapo kilikuwa salamu. Scholastika alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka mzima, kila walipokutana gulioni au kisimani, aliinama kidogo na kusema shikamoo, Mama Gerald. Damari akaitikia marahaba. Hakukuwa na njia nyingine ya kuitikia.

Wamejua, aliwaza sasa. Mtu amefungua madaftari ya zamani nilipokuwa Issuna, wamejua. Jioni ile alipita ghalani akajaribu ufunguo wake, nao ukazunguka vizuri kabisa, lakini hilo halikumpa nafuu. Aliona kwamba wenzake wamemwonea haya kumfungia ghala mtu wa umri wake mchana kweupe, basi wameanzia kwenye mtandao, ambako watu hawaoni.

Jumanne akarudi. Alitoa betri, akaipuliza vumbi, akairudisha. Akaandika paswedi huku akiificha kwa kiganja, ingawa chumbani alikuwa peke yake. Angeweza kumpigia Gerald kwa simu yake ya kitochi, lakini alijua atakachoulizwa: mama, umewauliza wenyewe? Na kuuliza ndicho kitu kimoja ambacho mtu aliyebadilishiwa kufuli hafanyi. Hata fundi Frank, aliyekuja na pikipiki kutoka Itigi na alikuwa bado anazunguka kijijini akifunga paneli za sola, Damari alimpita njiani akamwitikia salamu tu, uso chini.

Jumatano Yunisi, mwenyekiti wao, alimletea sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha, akamwambia ale kwanza, vipimo vitakwenda tu, havina miguu ya kukimbia. Alicheka aliposema hivyo. Damari alimenya kiazi na kukimega vipande vidogo, akavipanga ukingoni mwa sahani bila kula. Katika kicheko kile alisikia kejeli, na kwenye viazi aliona huruma ya watu wanaomsubiri aondoke mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Alhamisi hakulala vizuri, na kulipokucha akajua kwamba hataweza kuchukua ndoo na kuondoka kimya kama alivyofanya Scholastika. Scholastika alinyamaza kwa kuwa hakujua kosa lake. Yeye alilijua.

Alhamisi ni siku ya kupima. Wanawake walishajipanga uani, ndoo zimefunikwa kwa khanga, Frank yuko juu ya ngazi anakaza waya wa paneli. Yunisi alikuwa akikung'uta kijiti cha kupimia. Damari akasimama mlangoni, laptopu ameikumbatia kifuani.

"Naomba niseme kabla hatujapima," alisema. "Mmenifungia mtandao, na mmefanya sawa. Pipa la tatu la mwaka jana niliharibu mimi. Ndoo namba kumi na moja ilikuwa yangu. Ilisoma ishirini na nne, nikaandika kumi na tisa. Scholastika hakukosa kitu."

Yunisi akauliza kwa sauti ya mtu ambaye kweli haelewi:

"Nani kakufungia mtandao, Mama Gerald?"

Damari akainua laptopu kidogo, kama shahidi wake.

Frank alishuka ngazi. Alieleza kwamba radi ilipiga ruta ya zamani siku ambayo Mama Gerald alisafiri, na yeye ndiye aliyeweka hii mpya. Jina akaacha lile lile na paswedi ile ile, makusudi, watu wasisumbuke. Akaomba laptopu, akaiweka juu ya ndoo, akabonyeza hapa na pale, akaguna. Kisha akacheka, na alipoona kwamba hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

Paswedi ya mama haina shida, alisema. Kilichobadilika ni aina ya kufuli. Mtandao wa waifai hufungwa kwa kufuli ambalo watu hawalioni, ili wapita njia wasichungulie yanayopita hewani, na makufuli hayo yana vizazi. Ruta hii imefungwa kwa kufuli la kizazi kipya kabisa. Simu zao ni za juzi, zinalijua. Laptopu hii ilitengenezwa kabla kufuli hilo halijabuniwa, kwa hiyo hata ukiipa ufunguo halali haijui pa kuuingiza. Dawa yake ni ruta kuambiwa ikubali vizazi vyote viwili, kipya na kile cha kabla yake. Kile cha zamani sana asingekiruhusu, alisema, kwa kuwa siku hizi kinavunjwa na yeyote, lakini cha katikati hakina neno. Akatoa simu yake, akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akagusa mahali pamoja. Laptopu ikazungusha kaduara kake mara mbili, ikaunganika.

Hakuna aliyeitazama.

"Kwa hiyo mashine isingegoma," Martha alisema taratibu, "ungeendelea kuitikia marahaba za Scholastika."

Damari alitamani kusema hapana. Alitafuta ndani yake kitu cha kumwezesha kusema hapana, akakikosa.

"Ningeendelea," alisema.

Hapo maneno yakaanza, ya chini chini kwanza, halafu ya wazi. Mmoja akasema kufuli libadilishwe leo leo. Mwingine akauliza litabadilishwa kwa nani, kwa Damari peke yake au kwa wote waliokaa kimya bila kuomba kuona daftari. Damari hakungoja waafikiane. Alivua kamba shingoni, akamnyooshea Yunisi ufunguo kwa mikono miwili. Yunisi akarudi nyuma hatua moja.

"Usinipe mimi," alisema. "Mimi sikufungiwa."

Kwa Scholastika ni mwendo wa nusu saa, ukipita mashamba ya alizeti hadi pale vichaka vinapoanza. Damari aliutembea na laptopu mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto, ufunguo kiganjani. Habari ilishamtangulia. Alipokaribia ua alimwona Scholastika ameketi kwenye kigoda anakoboa karanga, simu iko kwenye jamvi pembeni yake, na alijua kwa namna alivyokaa kwamba mtu ameshampigia.

Scholastika hakuinuka. Hakusema shikamoo. Alisema tu, "Karibu," akaendelea kukoboa.

Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke yule kumnyima salamu, na Damari aliipokea kama mtu anayepokea haki yake. Alibaki amesimama, maana hakuonyeshwa pa kukaa. Akasema alichokuja kusema, kifupi, bila kutaja nyegere wala mizinga, kwa kuwa njiani alijizuia kabisa asivitaje. Akaweka ufunguo kwenye jamvi, kando ya maganda ya karanga.

Scholastika aliuangalia.

"Siku ile nilikuja na ndoo mbili," alisema. "Unajua nilizirudishaje? Nilipita huko vichakani, miiba ikanichana, ili nisikutane na watu barabarani. Nikamwambia mume wangu kipimo kimeharibika. Mwaka mzima nimejiuliza nilikosea wapi. Nimevunja hadi mzinga mmoja kuangalia kama mti wake una maji."

Damari alisimama akisikiliza, mikono imeshika ncha za kitenge. Ile njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani, ambayo yeye aliiona ndefu, alikuwa amempa mwenzake aitembee, tena kwa miiba.

Scholastika alikoboa karanga tatu nne zaidi, akaokota ufunguo na simu, akaviringisha jamvi.

"Kwenye mashine yenu imeandikwaje?"

"Kumi na tisa."

"Hata kwa mnunuzi?"

"Hata kwa mnunuzi."

"Basi twende ukaandike. Nataka nione kwa macho yangu."

Walirudi Scholastika akiwa mbele na Damari nyuma. Uani walikuta wanawake bado wapo, ndoo hazijapimwa, na ofisi imefungwa kwa kufuli la ghala, ambalo Yunisi alilihamishia mlango ule makusudi. Scholastika alisogea mlangoni, akaingiza ufunguo aliopewa, ukazunguka. Alisimama kidogo, mkono ungali kwenye kufuli. Kisha akaingia.

Damari alikaa mezani akafungua laptopu. Ilikuwa imezimika njiani, kwa hiyo kwanza alirekebisha tarehe, wote wakimsubiri nyuma ya mgongo wake. Akaufungua mtandao, ukaunganika mara moja, na akatamani ungechelewa kidogo. Akatafuta karatasi ya mwaka jana, pipa la tatu, akashuka kwa kidole hadi mstari wa kumi na moja. Akafuta kumi na tisa. Akaandika ishirini na nne. Pembeni, palipo na nafasi ya maelezo, akaandika akisoma kwa sauti, kwa sababu Scholastika alimwambia asome kwa sauti: kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa cha uongo, kwamba asali iliyoharibu pipa ni ya Damari mpimaji, na kwamba ndoo ya Scholastika ilikuwa nzima. Herufi A ya plasta ilinata na wino ukamwachia alama kwenye kidole. Akatuma.

"Imefika?" Scholastika aliuliza.

"Imefika."

Scholastika aliinama hadi uso wake ukakaribia kioo, akasoma mwenyewe mstari wote, mara mbili. Kisha akauvaa ufunguo shingoni, akauingiza ndani ya gauni, akatoka nje kuchukua njia ya barabarani.

Alhamisi iliyofuata Damari alifika mapema na ndoo moja. Hakuwa na ufunguo. Kipima maji kilikuwa sasa kwa Martha, na Damari ameachiwa kuandika tu, kila namba ikichunguliwa na watu wawili kabla hajaiandika. Alikaa kwenye gogo nje ya ghala, ndoo katikati ya miguu, laptopu mapajani. Wanawake walifika mmoja mmoja, wakaketi bila kutoa funguo zao, baadhi upande wake wa gogo na baadhi upande mwingine. Jua lilipanda hadi kwenye magoti yao.

Scholastika akatokea barabarani na ndoo mbili. Alipita mbele ya gogo, akaziweka chini, akatoa ufunguo. Shikamoo hakuitoa, na Damari hakuinua uso kuitafuta. Kufuli likalia, mlango ukafunguka.

"Ingieni," Scholastika alisema, bila kugeuka.

Damari alisubiri wenzake wote waingie. Kisha akanyanyua ndoo yake, akaingia.